Matatu ya Mwisho na Sinema Yetu ya Ng'ambo

(Wengi mulikosa kuja Jumamosi kusikiliza hotuba yangu na mumenisumbua kwa simu, kwa hivyo nimeyaandika vile nilivyoyasema, sijapunguza kitu ila pale maiki ilipozima nikawa napiga kelele.)

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote. Muliokaa nyuma mwanisikia? Hii maiki naona yakatakata, ikizima nitaongea hivo hivo, sauti ninayo, nimekulia sinema mimi.

Haya. Nimeambiwa niongee dakika kumi na tano kuhusu sinema yetu ya hapa Mombasa, ya kule ng'ambo ya daraja la Nyali, ile ya kumbi nyingi, na nikaambiwa nisilie. Wajua wenyewe kwa nini wamesema hivo. Sasa mimi sikutaka kuja hapa na maneno yangu peke yangu, manake mtu mzima akipewa maiki ataongea ya zamani mpaka watu wasinzie, kwa hivyo wiki mbili hizi nimekuwa nikizunguka nauliza watu, sokoni Kongowea, kwa kinyozi wangu, kwa mama wa viazi karai, kwenye feri, hata ndani ya matatu mpaka konda akaniuliza mzee wewe ni mambo ya sensa au vipi. Nauliza mambo mawili tu. Mara ya mwisho ulienda sinema lini, na ulirudi vipi nyumbani.

Hilo la pili watu walilishangaa. Nitalirudia.

Kwanza tumalize lawama manake nisipozisema mutanirukia. Viti vimechoka. Mimi nina kiti changu, safu ya tano kutoka nyuma upande wa kulia, kitambaa kimepauka mpaka hujui kilikuwa chekundu au zambarau, na kile kitundu cha kuwekea soda kimepasuka, ukiweka chupa yakuinamia pajani. AC ina tabia mbili, ama wagandishwa kama samaki wa barafu ama wachemka, katikati haijui. Msala wa wanaume una mlango mmoja ambao wafungwa kwa kuushikilia na mguu. Na bisi, jamani, bisi ni mahindi! Mahindi na chumvi! Bei yake nimeiona nikamuuliza yule binti, mwanangu, hii ni ya debe zima? Akacheka tu maskini, si yeye apangaye bei. Ndio maana mama zetu huingia na kachri na viazi kwenye mkoba, halafu gizani picha iko pahali pa kulia watu wasikia harufu ya ukwaju na pilipili ukumbi mzima, na hakuna anayejua ni nani. Mimi najua ni nani lakini amekaa hapa mbele, sitamtaja.

Lawama zimeisha, tuendelee.

Wengine wenu mwakumbuka ilipofunguka, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ilikuwa habari ya mji. Watu walienda kuangalia ngazi tu! Mimi nilimpeleka mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa hajaingia sinema miaka mingi. Tukafika pale zulia linapoanza, mama akasimama. Akavua viatu. Kijana wa mlangoni akamwambia mama ingia tu na viatu, mama akamuangalia akamwambia, mwanangu, zulia zuri namna hii nilikanyage na viatu vilivyotoka sokoni? Akavitia kwenye mfuko wa plastiki, enzi hizo mifuko haijapigwa marufuku, akaingia na miguu yake mitupu akakaa. Wimbo wa taifa ukapigwa, si mwajua sinema za Kenya lazima usimame kwa wimbo wa taifa kabla ya picha, basi mama akasimama wima, miguu mitupu, viatu mkononi. Na wimbo wenyewe kumbukeni sauti yake imetoka huku kwetu Pwani, ni wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto alale, 1963 ukafanywa wa taifa. Mimi kila nikisimama pale namuona mamangu na ule mfuko. Mumeona? Nimeambiwa nisilie.

Basi. Mama alipotoka akanipa hukumu yake, akasema pahali pazuri, picha nzuri, lakini mbona hakuna watu? Nikamwambia mama si watu wamejaa. Akasema hao ni watazamaji, mimi nauliza watu. Nikadhani ni maneno ya uzee. Sasa nina umri kama aliokuwa nao, nimemuelewa.

Manake yeye alizoea sinema za mjini. Sisi ni wa Kibokoni, kule Mji wa Kale, kwetu sinema ilikuwa ya kwenda na miguu. Kulikuwa na Regal, kulikuwa na Naaz, Majestic, kulikuwa na Kenya Cinema pale Nkrumah Road, Lotus pale Makadara Road. Hakuna aliyekuwa akiuliza nitarudi vipi. Warudi na miguu yako! Twatoka saa tano usiku kundi zima, kila mtoto ni Bruce Lee, huyu apiga ukuta teke yule aruka mtaro, na Bruce Lee mwenyewe alishakufa 1973 lakini kwetu alikuwa mzima kila wiki. Twafika barazani twamkuta mzee wa kahawa na dele lake, wakubwa wamekaa, picha yaanza upya. Mwenye kuisimulia vizuri ndiye atakayenunuliwa kahawa. Mimi nimeangalia picha nyingi sana ambazo sikuziona, nimezisikia tu barazani, na mpaka leo mtu akinitajia sijui kama niliiona au nilisimuliwa.

Na akina mama walikuwa na shoo zao wenyewe, mchana, wanawake watupu, zenana zikiitwa. Mamangu akisimulia utadhani asimulia harusi. Buibui zimejaa mpaka mlangoni, watoto wachanga walia, mastaa wa Kihindi waimba na ukumbi mzima waimba nao, Kihindi chenyewe hakuna ajuaye hata neno la kuombea maji. Zile sauti zikatoka sinema zikaenda harusini. Marehemu Juma Bhalo si ndiyo kazi yake, achukua sauti ya wimbo wa picha ya Kihindi aitilia maneno ya Kiswahili ya maana, wakaa harusini wamsikiliza huku waiona picha kichwani.

Tulikuwa na jirani alikuwa opereta, sisi twamuita Ami. Huyu ndiye alinifunza picha ni nini. Picha ilikuwa mkanda, rili moja ni kama dakika ishirini, sasa picha ya Kihindi ya saa tatu hesabu mwenyewe, ni mikebe tisa kumi, mizito, ya bati. Ana mashini mbili. Rili ya kwanza ikikaribia kuisha chatokea kidoa cha duara pale juu pembe ya kulia ya pazia, kidogo tu, wewe mtazamaji hukioni, Ami akiona kile cha kwanza awasha mashini ya pili, akiona cha pili abadilisha, na wewe hujui kama kuna kilichotokea. Tangu anionyeshe kile kidoa sijapata tena kuangalia picha ya mkanda kwa raha, jicho lote liko pembeni lakingojea.

Na wakati mwingine picha ni moja na kumbi ni mbili. Wafanyaje? Baiskeli. Kumbi moja yaanza mapema, rili ikiisha kijana aifunga nyuma ya baiskeli akimbia nayo kule kwengine. Siku moja baiskeli ikapata pancha. Tumekaa gizani, stelingi amefungwa kamba, rili haijafika. Watu walipiga miluzi, miluzi ikaisha, wakaanza kuimba. Tuliimba nyimbo zote za ile picha mara mbili. Kijana alipofika kwa jasho akapigiwa makofi kuliko stelingi.

Siku hizi picha yaja kwenye diski, imefungwa kwa ufunguo wa kompyuta, na ufunguo wenyewe una siku yake na saa yake, kabla ya hapo haufungui na baada ya hapo haufungui. Yalinikuta, sitasema wapi, ufunguo ulikataa, tukakaa karibu dakika arubaini twaangalia pazia la buluu. Unajua kulitokea nini? Hakuna. Kila mtu alitoa simu yake. Hakuna aliyeimba.

Sasa nije kwa lile swali langu la pili.

Nilipokuwa nauliza watu kwa nini sinema imepungua watu, jibu la kwanza la kila mtu ni simu. Netflix. Mzee, watu wana Netflix, watu wana bando. Haya, nimekubali kidogo. Lakini nenda Kisauni usiku, nenda Bombolulu, ingia kwenye kibanda cha video, mabenchi ya mbao, jua limechoma bati mchana kutwa, joto la tanuri, na watu wamejaa kwapa kwa kwapa wamsikiliza DJ Afro atafsiri picha ya Wachina kwa maneno yake mwenyewe, stelingi ampa jina la mtu wa mtaani, ukumbi wapasuka kwa kicheko. Wale wote wana simu mfukoni! Kama simu ndiyo iliyowatoa watu sinema, mbona haikuwatoa kibandani? Kibanda kiko mtaani kwake, ndio jibu. Akimaliza ni hatua mia mbili yuko kitandani.

Hii sinema ya kumbi nyingi haikutungwa kwa mtu wa miguu, na hilo si kosa la mtu wa hapa. Mwanzo wake Marekani, 1963, mfanyabiashara mmoja wa Kansas City jina lake Stan Durwood alijenga kumbi mbili pamoja kwenye kituo cha maduka, akaona mambo haya, opereta mmoja na wauza bisi wale wale wahudumia kumbi mbili, na nje kuna nafasi ya magari tele. Hesabu nzuri. Waingereza wakaijenga yao Milton Keynes 1985, kumbi kumi, mji wenyewe umepangwa kwa ajili ya gari, na ile sinema nayo 2015 ikafungwa, miaka thelathini basi. Halafu wazo likatufikia sisi, na maegesho yake. Gari likatengewa pahali pake, limepigiwa mistari ya rangi na askari wa kulilinda. Mwenye miguu akaambiwa karibu, utajua mwenyewe utarudi vipi.

Na sisi ni mji wa kisiwa, tusisahau. Mtu yuko kisiwani, mtu yuko Likoni, mtu yuko Changamwe, kila mtu ana maji ya kuvuka. Daraja la Nyali la sasa ni la 1980, kabla yake lilikuwa lile la kuelea la 1931, lakini hata uwe na daraja kumi, picha ya saa tatu usiku yaisha saa tano na nusu, watoka pale nje wakuta nini? Tuktuk tatu na boda wawili, na bei imeshapanda, ile ya mchana imelala. Mwaka 2020 kafyu ya korona ilianza tarehe 27 Machi, ikaondolewa 20 Oktoba 2021, zaidi ya mwaka na nusu tumefunzwa kulala mapema kama kuku, na kwa macho yangu mimi matatu za usiku hazijarudi kama zilivyokuwa.

Nilimkuta kijana wa tuktuk ambaye hukaa pale nje kila usiku. Nikamuuliza wewe mara ya mwisho kuingia? Akasema mzee sijaingia hata siku moja, lakini picha zote nazijua. Vipi? Kwa nyuso zao wakitoka. Ikiwa nzuri wasimama pale ngazini waongea, hawataki kuondoka, sipati abiria nusu saa. Ikiwa mbaya wanikimbilia. Nikamwambia wewe ndiye mhakiki wa filamu bora Mombasa hii.

Mama mmoja wa Likoni aliniambia alienda na dada zake Idd Pili, wamevaa, wamejipamba, picha nzuri mashaallah, wakafika kwenye feri usiku wakangoja, wakangoja, kufika nyumbani saa saba na kitu, mume yuko kibarazani amekaa na kandili ya maswali. Hakwenda tena. Simlaumu yeye, na mume pia sitamuingilia.

Halafu kuna huyu kijana wa Mtongwe. Mwanafunzi, mpole, nilikaa naye kwenye feri. Akaniambia ami, mimi nilienda mwaka jana na pesa yangu ya kibarua, nikaingia ile ya jioni, picha ikachelewa kuanza, ikafika pahali stelingi amepigwa risasi ameanguka ndani ya mto, nikaangalia saa, nikaona nikingoja nitakosa matatu. Nikatoka. Nikamuuliza, sasa alikufa au hakufa? Akasema sijui. Nikamwambia si uangalie kwa simu. Akasema nishaipata kwa simu, iko hapa, na akanionyesha, iko pale kweli. Lakini sitaki kuangalia mwisho kwa simu, mwanzo niliuona mkubwa.

Si yeye peke yake. Katika niliowauliza si mmoja si wawili walioniambia waliwahi kutoka kabla picha kuisha kwa ajili ya matatu. Yaani mji huu una watu wanaotembea na picha ambazo hazijaisha.

Kwa hivyo mimi viti vyangu vibovu nawasamehe. Zulia nawasamehe, hata ule mlango wa msala mguu wangu umeshauzoea. Nilienda nikaongea na mkubwa wa pale, mtu muungwana, akanipa chai. Nikamwambia leteni ile picha kubwa, ile ya saa tatu usiku, muiweke saa kumi kasorobo jioni, iishe saa kumi na mbili na robo hivi mtu awahi matatu. Akaniambia mzee, mchana hakuna watu. Nikamwambia mchana hakuna watu manake mchana mwaweka katuni za watoto ambao wako shule! Akacheka. Nikamwambia na mara moja kwa mwezi wapeni akina mama shoo yao, wanawake watupu, mlango usimamiwe na mwanamke, mutaona buibui zitakavyojaa, na waacheni waingie na kachri zao, bisi watanunua wenyewe wakiona watoto walia. Hilo la kachri akasema atafikiria. La shoo ya jioni ameniambia atajaribu Jumapili moja. Moja tu. Ikijaa ataongeza.

Kuna mtu amenyoosha mkono pale, ngoja kidogo bwana, namaliza. Najua utasema nini, utasema Jumapili jioni kuna mpira. Upo kila siku huo mpira.

Basi ni Jumapili ijayo, saa kumi kasorobo, picha kubwa. Nimeongea na mwenye matatu, ya abiria kumi na nne, itasimama kivukoni upande wa huku kisiwani saa tisa kamili, si saa tisa na robo, itapita Mwembe Tayari halafu moja kwa moja darajani. Picha ikiisha itakuwa pale nje yatungoja, si kwenye maegesho, mlangoni, nimemwambia dereva aegeshe pale pale kwenye ngazi, askari akija nitaongea naye mimi. Nauli tutagawana, kwenda na kurudi. Waliojiandikisha ni kumi na mmoja, yule mama wa Likoni na dada zake wawili wamo. Zilibaki tatu. Kijana wa Mtongwe nishamuwekea moja karibu na mlango, kwa hivyo zimebaki mbili. Nani?